Rovers Wamerudi Chechelesi

Miaka mingi timu ya Chechelesi Rovers ilikuwa ikicheza mechi zake za nyumbani mahali ambapo si nyumbani. Ilicheza Timau, huko juu kwa baridi, katikati ya mashamba ya viazi, na wachezaji wenyewe ni watu wa Isiolo, mtaa wa Chechelesi, waliozoea jua la kuchoma kisogo. Mambo yalifika hapo kwa sababu kampuni moja ya ujenzi iliahidi kuwajengea uwanja wa kisasa. Ikaja na greda, ikachimbachimba, ikasimamisha jukwaa moja la saruji lenye paa la mabati, kisha siku moja greda likapakiwa kwenye lori na mafundi hawakuonekana tena. Wasimamizi wa ligi walipoyaona yale mashimo walitikisa vichwa. Ilikuwa ligi ya chini kabisa, ile isiyotajwa kwenye redio yoyote, lakini hata ligi ya namna hiyo haikubali mtu avunjike mguu ndani ya shimo.

Ndiyo maana kila Jumamosi ya mechi ya nyumbani walipanda gari asubuhi na kuupanda mlima. Nahodha wao, Elema Guracha, fundi wa pikipiki na beki wa kati, aliondoka amevaa fulana na kufika Timau akitetemeka. Mwanzoni watu wa Timau walikuja kuwacheka. "Hawa ni wa kwa ngamia," walisema, "ukungu utawameza." Kisha wakazoea kuja, na mama mmoja aliyeuza chai na viazi vya kuchemsha kando ya uwanja, jina lake Nkirote, akaanza kuwapigia makelele ya kuwashangilia kwa Kimeru. Rovers wakapata mashabiki wasiowatarajia, ila kule kwao Chechelesi kulikuwa na watoto waliokua wakubwa bila kuwaona wakigusa mpira.

Mwaka huu mambo yakabadilika. Mwenyekiti wa timu, Mohamedamin, ambaye familia yao imefanya kazi ya malori tangu enzi za babu yake mwanajeshi, alitoa malori yake yakabeba murram, ile changarawe nyekundu ya barabara. Vijana wa mtaa wakashika sepeto. Mashimo yakafukiwa, ardhi ikasawazishwa, magoli yakachomelewa mapya. Wakaguzi wa ligi wakaja, wakatembea huku na huku, wakasema sawa, mnaweza kurudi. Mechi ya kwanza ikapangwa Jumamosi, na wageni, kama kwa mzaha, wakawa ni timu ya Timau yenyewe.

Likabaki jambo moja, na jambo hilo lilikuwa jukwaa.

Kwa muda wote ambao timu haikuwepo, lile jukwaa lilikuwa na wenyewe. Kina mama wa maziwa ya ngamia walikuwa wamehamia chini ya kivuli chake. Kila asubuhi pikapu zilitoka Leparua na kwingineko zikiwa na mitungi, zikakata katikati ya uwanja na kuegesha hapo hapo, na akina mama wakayanusa maziwa, wakayachuja, wakayamimina kwenye mitungi mingine ya kupandishwa basi la Nairobi. Walikuwa na tangi lao la maji, meko yao, na mikeka yao ya kupumzikia.

Siku ya Jumatatu Mohamedamin aliwaita wachezaji gereji kwa Elema.

"Jumamosi nataka jukwaa likiwa wazi," alisema. "Nimeshatuma mtu na rangi nyekundu aweke alama kwa vitu vyao, na badala ya kuhama wameosha ile rangi. Wanatucheza."

Kocha Lokol, mzee mrefu wa Kiturkana asiyependa maneno mengi, aliuliza, "Nani anaenda kuongea na wao?"

Macho yote yalihamia kwa Elema, aliyekuwa ameinamia injini akijifanya hasikii.

"Mkubwa wao si ni mkwe wako?" akauliza Warsame, mshambuliaji, akijaribu kuficha kicheko.

"Ni mama yake Lul," Elema alijibu bila kuinua kichwa. "Ndiyo maana siwezi."

Wote walielewa. Mwanaume wa Kiborana hamtazami mama mkwe wake usoni, hali chakula mbele yake, wala halitaji jina lake. Akimwona barabarani anavuka upande wa pili. Elema alikuwa amemwoa Lul kwa muda mrefu, walikuwa na binti anayeitwa Hoda tayari yuko shule, na mpaka leo, mtu akimuuliza mama mkwe wake anafananaje, angeweza tu kueleza viatu vyake.

"Basi nenda umwangalie viatu," Lokol akasema. "Lakini nenda."

* * *

Jioni ile Elema alimweleza mkewe. Lul alicheka mpaka akashika ukuta.

"Timu nzima hamna mwanaume mwingine?"

"Wapo. Lakini mwenyekiti ameshawaudhi. Wakiona mtu wa rangi tena watammwagia maji ya moto."

"Nitakaa katikati," Lul akasema. "Wewe ongea na mimi, mama ataongea na mimi. Mimi nitakuwa simu."

Kesho yake, pikapu zilipokwisha kuondoka, walikwenda. Elema aliketi kwenye ngazi ya chini ya jukwaa akiwapa mgongo akina mama, uso wake kwa uwanja mtupu. Lul akaketi ngazi moja juu yake. Nyuma yake Elema alisikia mikeka ikivutwa, vikombe vikiwekwa, na sauti moja ikikohoa kwa heshima. Alijua ni yeye. Tiya, mama yake Lul, ambaye Elema hakupata kulitamka jina lake hata mara moja, alikuwa ameketi.

"Lul, mwambie mama salaam aleikum," Elema alianza.

"Mama amesikia. Anasema aleikum salaam."

"Mwambie timu inarudi Jumamosi, na mwenyekiti anaomba—"

"Haombi," sauti ya Tiya ikamkata, ikielekezwa kwa Lul lakini ikitosha kufika uwanja mzima. "Mwambie mume wako ukweli. Mtu akiomba anakuja na mdomo. Huyo mwenyekiti wao alikuja na rangi. Sisi tulipofika hapa hii nyumba ilikuwa choo cha mbuzi. Nani aliosha? Nani alifukuza watu waliokuja usiku kung'oa mabati wakauze? Kama si sisi, hawa Rovers wangerudi wakute nguzo peke yake."

Akina mama wengine wakaitikia. Mmoja akasema, "Na tangi la maji tulileta wenyewe."

Elema alitazama uwanja. Hakuwa amefikiria hilo. Alikuwa akilipita jukwaa lile karibu kila siku, na siku zote alikuwa ameliona kama kitu cha timu kilichokaliwa na watu. Sasa aliona kwamba paa lilikuwa zima, kwamba sakafu ilikuwa imefagiwa, na kwamba katika mji ambao mlango wa chuma hauwezi kulala nje peke yake, mabati yale kubaki yalipo haikuwa bahati.

"Lul," akasema polepole, "mwambie mama sikujua. Na mwambie asante."

Aliposema tena, Tiya alikuwa ameshusha sauti.

"Mechi inaanza saa ngapi?"

"Saa tisa," Elema akasema, akisahau kupitia kwa Lul.

"Sisi tunamaliza saa saba. Sasa ugomvi ni wa nini?"

Elema akajiuliza. Ugomvi kweli ulikuwa wa nini? Katika mikutano yote ya kamati, kelele zote zile, hakuna hata mmoja aliyewauliza akina mama wanafanya kazi saa ngapi.

"Ni magari tu, mama," akasema. "Yakipita katikati yanachimba uwanja."

"Hiyo si shida. Yaingie kwa ile fensi ya upande wa msikiti, watengeneze mlango. Na huyo mwenyekiti aje mwenyewe hapa, akae chini, anywe maziwa na sisi, aseme neno moja zuri. Na Jumamosi sisi tukae mbele. Si nyuma, si pembeni. Mbele."

Lul akageuka. "Mama, wewe unakuja kuangalia mpira?"

"Kwa nini nisije? Miaka hii yote nasikia namba tano, namba tano. Nimechoka kusikia."

"Lakini namba tano ni..." Lul akaelekeza kidole mgongo wa mumewe.

"Uwanjani nitaangalia namba tano," Tiya akasema. "Namba tano si mkwe wa mtu."

Akina mama wakaangua kicheko, na Elema, akiwa bado amewapa mgongo, akajikuta anacheka nao.

Mohamedamin alipoambiwa masharti alinuna kwanza. Kisha alikwenda. Alivua viatu, akaketi juu ya mkeka na kanzu yake nyeupe, akapewa kikombe cha maziwa yenye harufu ya moshi wa kibuyu, akanywa mpaka mwisho. Alisema ile rangi ilikuwa kosa. Tiya akamjazia kikombe cha pili, na kwa hao wawili habari ikaishia hapo. Mlango wa fensi ukatengenezwa Alhamisi.

* * *

Jumamosi mtaa mzima ulihama. Watu walikuja na viti vya plastiki, na mitungi ya kukalia, wengine walipanda juu ya ukuta. Ubao ulining'inizwa golini umeandikwa KARIBUNI NYUMBANI kwa mkono wa mtu asiyejua kupima nafasi, hata herufi za mwisho zikabanana kama abiria. Kutoka Timau basi zima lilikuja na mashabiki, na wa kwanza kushuka alikuwa mama Nkirote na flaski zake, akijipepea kwa leso.

"Kapteni!" alimwita Elema. "Mnaishi ndani ya jiko?"

"Umekuja kushangilia nani, mama?"

"Usiniulize hiyo," akasema. "Nimelala vibaya juu ya hiyo."

Elema aliwaongoza wenzake uwanjani, na sauti iliyowapokea ilimfanya apunguze mwendo. Alikuwa amesahau kwamba uwanja unaweza kupiga kelele kwa lugha zako zote kwa pamoja. Kwa Kiborana waliliita jina la baba yake, kwa Kisomali wakamwita Warsame, vijana wa mtaa wakawasifu kwa kelele za Sheng yao, "Rovers mbaya! Rovers mbaya!" Jukwaani, safu ya mbele kabisa, walikaa akina mama wa maziwa na mashuka yao ya rangi rangi. Elema aliona viatu alivyovijua, akageuza macho upesi.

Filimbi ikalia, na mara moja mambo yakaenda kombo.

Hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba Rovers wenyewe wamekuwa wageni. Huko Timau mpira ulitua kwenye nyasi zilizolowa ukalala. Hapa ulitua juu ya murram ukaruka mpaka juu ya kichwa. Kule walikuwa wamejifunza pasi ndefu za kukata ukungu, na hapa upepo wa mchana ulizichukua na kuzitupa nje. Dakika chache tu na wenyeji walikuwa wanahema, ulimi nje, huku wageni wa kutoka kwa baridi wakicheza taratibu kama watu walioambiwa wasijichoshe. Mpira mrefu ukaja kuelekea goli la Rovers, mpira wa kawaida kabisa ambao Elema angeuondoa akiwa amesinzia. Aliruka. Aliruka mapema, kama anavyorukia kule juu. Mpira ukadunda mbele yake, ukapanda, ukamgonga utosini na kuingia wavuni mwao wenyewe.

Wenyeji wakashika vichwa. Kisha, kutoka kwa mashabiki wa Timau, mama Nkirote akapiga kigelegele, akakikata katikati kwa aibu.

Elema alisimama akiitazama ardhi. Miaka yote ile alikuwa akiota siku hii, na katika ndoto zake zote hakuwahi kuwafungia wageni. Alijua nani amekaa safu ya mbele. Masikio yake yaliwaka moto kuliko jua.

Wakati wa mapumziko Lokol hakumfokea mtu. Alichukua mpira, akaudondosha miguuni pake, akauacha udunde mpaka utulie wenyewe.

"Mmeona?" akasema. "Hapa ndipo mlijifunzia mpira mkiwa watoto. Mlikuwa mnachezaje?"

"Chini," Warsame akasema. "Pasi fupi. Miguu peku."

"Basi chezeni chini."

Wakacheza chini. Pasi ndogo ndogo, za chumbani, mpira ukikimbia juu ya murram kama panya. Watu wakaanza kuhesabu pasi kwa sauti, wakapotea katika hesabu, wakaanza tena. Timau sasa ndio waliohema, jua likiwa limewaingia. Bao la kusawazisha likawa linanukia.

Na hapo hapo pikapu ikapiga honi.

Ilikuwa ya dereva anayeitwa Apua, kutoka Leparua, ambaye alipasukiwa gurudumu njiani, kisha akapasukiwa tena na la akiba, na sasa alikuwa amefika na mzigo uliotakiwa kufika asubuhi. Mlango mpya wa fensi ulikuwa umezibwa kabisa na watu na viti na pikipiki. Apua alisimama upande wa pili wa uwanja, jukwaa likiwa mbele yake, mechi ikiwa katikati.

"Maziwa yanaharibika!" alipiga kelele. "Basi la Nairobi linangoja!"

Jukwaani akina mama walisimama. Elema alimsikia Tiya akisema kwa sauti kubwa, "Kaeni! Tulikubaliana. Mpira uendelee, maziwa yakiharibika yameharibika."

Akina mama wakakaa, lakini walikaa kama watu wanaoketi juu ya miiba. Mpira ulikuwa umetoka nje. Elema aliitazama ile mitungi ya njano imepangwa juani nyuma ya pikapu. Alimfuata refa, kijana mkali aliyetoka Meru.

"Refa, jua ni kali. Tupe dakika za kunywa maji."

"Maji, au maziwa?" refa akauliza. Aliangalia pikapu, akaangalia safu ya mbele jukwaani, akajipangusa jasho. "Haraka basi."

Elema alipiga mluzi na kunyoosha mikono pande zote mbili. Wenzake walielewa mara moja. Wakajipanga mstari kukata uwanja, na kulipobaki pengo nahodha wa Timau akawasukuma watu wake nao waingie. Apua akatoa mtungi wa kwanza, ukapita mkono kwa mkono, jezi ya kijani, jezi nyekundu, jezi ya kijani, mpaka ukafika jukwaani ambako akina mama walikuwa wameshavua mashuka na kukunja mikono. Umati ukashangilia kila mtungi kama bao. Mama Nkirote aliingia mwenyewe kwenye mstari, akaupokea mtungi kwa Warsame, akaunusa, akauliza, "Na huyu mnyama anakula nini?"

Mtungi wa mwisho ulifika kwa Elema, naye akawa ndiye wa mwisho kwenye mstari, pale chini ya jukwaa. Mikono ikanyooshwa kuupokea. Aliitambua bangili, kwa kuwa yeye na Lul ndio walioinunua. Akainamisha kichwa, akauinua mtungi juu, na mikono ile ikauchukua taratibu.

Mechi ikaendelea. Haikuchukua muda, Warsame akapata mpira kwenye kona ya eneo la hatari, akampiga chenga beki mmoja, akauburuza chini kabisa ukapita katikati ya miguu ya golikipa. Vumbi la waliokimbilia uwanjani lilifunika hata magoli. Wazee wenye fimbo walikimbia. Mohamedamin alirusha kofia yake juu na hakuiona tena.

Dakika za mwisho Timau walipata kona. Mpira ukaelea, ukadunda, ukapanda juu ya kila mtu. Safari hii Elema alingoja. Aliuacha udunde, akauona unashuka, akaruka na kuutoa kwa paji la uso mpaka nusu ya uwanja. Filimbi ya mwisho ilipolia ilikuwa moja kwa moja, sare, na ungeuliza mtu yeyote pale angekuapia kwamba pande zote mbili zimeshinda.

* * *

Watu hawakutaka kuondoka. Mashabiki wa Timau waliketi jukwaani na akina mama, wakijaribu maziwa ya ngamia kwa kukunja nyuso. Watoto waliuvamia uwanja na mipira ya makaratasi. Elema aliketi kwenye mstari wa pembeni amevua viatu, akilisikia joto la ardhi likimpanda nyayoni, na hakuwa na haraka ya kupanda gari lolote.

Lul alikuja akaketi kando yake, akicheka peke yake.

"Mama amenituma."

"Anasemaje?"

"Anasema namba tano ana bidii sana. Lakini amwambie kocha wake amfundishe, awache kuruka mapema."

Elema alijifunika uso kwa jezi. "Na kingine?"

"Anasema ule mkono wa maziwa aliuona. Hakusema zaidi. Lakini ameenda kupika, na sio chakula cha watu wawili."

Waliondoka kwa miguu, Lul amebeba viatu vyake, yeye akitembea na soksi. Kila mlango waliopita kulikuwa na mtu wa kusimamisha. Muuza duka alitaka kujua bao la Warsame lilikuwa la mguu gani, ingawa alikuwa amelishuhudia. Mzee mmoja alimshika mkono Elema, akauminya tu, akauachia. Zamani, siku za mechi ya nyumbani, saa hizi angekuwa bado yuko kwenye mteremko wa barabara, kichwa kimegonga dirisha, amelala. Hakuwahi kujua jinsi Chechelesi inavyokuwa Jumamosi jioni baada ya mpira, moshi wa meko ukipanda na watu wakibishana kwenye kila kona kuhusu jambo moja.

Adhana ya magharibi ikawakuta karibu na nyumbani. Elema alitawadha, akafuta vumbi la magotini lililokataa kutoka lote, akaingia msikitini na kusimama kwenye safu. Bega la kushoto lilikuwa la Mohamedamin, kichwa wazi, maana kofia ilikuwa bado haijapatikana. Waliswali. Walipotoka nje mwenyekiti alitembea naye mpaka langoni.

"Jumamosi ijayo tuko ugenini Maralal," akasema. "Na ile nyingine?"

"Ile nyingine," Elema akajibu, "tuko hapa."

Mohamedamin akalirudia lile neno moja, hapa, kama mtu anayeonja kitu, kisha wakaagana na kila mmoja akaelekea kwake.